Kago la Mstafeli

Nilipokuwa mtoto, wageni wetu wa mjini walikuwa hawafiki hata kibarazani kabla ya kutuambia kwamba tunaishi peponi. Kwetu ni Ng'ombeni, ng'ambo ya feri, ukishaipita Likoni na maduka yake, mahali ambapo mji wa Mombasa unakwisha na minazi inaanza. Shangazi zangu wa Majengo walikuwa wakivua viatu kwenye njia yetu ya muramu, wakivuta hewa kwa pua na kusema, "Hapa mtu hazeeki." Mimi niliwatazama tu. Walikuja Jumapili na kuondoka Jumapili. Hawakuwajua mbu wetu, wala kima waliopenya jikoni na kutoka na mkate mzima, wala lile giza la saa kumi za jioni ambalo halikuwa la usiku bali la mikanju na mifenesi iliyofunika madirisha. Na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kushika ufagio. Kufagia uwanja wenye miti ni adhabu, kwa sababu ukifika mwisho, ulikoanzia kumeshajaa majani tena.

Asubuhi mtaa mzima ulihamia ng'ambo. Baba alikuwa karani katika ghala moja karibu na bandari, na Mama alishona nguo katika duka la mjini. Walitoka pamoja baada ya sala ya alfajiri na kurudi magharibi, wamechoshwa na foleni ya feri kuliko kazi yenyewe. Mchana walibaki watoto na mabibi. Bibi yetu, mamake Baba, alizaliwa Jego, kule karibu na Vanga, akaletwa kwetu kutulea mimi na mdogo wangu Mishi. Alikuja na mkeka wake, kinu chake na hofu zake zote. Mama, kwa upande wake, alikuwa mtu wa mjini hasa, mwenye kuzihifadhi kadi zetu za chanjo ndani ya bahasha pamoja na cheti chake cha ndoa. Kwa hiyo mchana tulikuwa watoto wa Bibi na jioni tulikuwa watoto wa Mama. Hatukuona ubaya wowote katika mpango huo, na nadhani nusu ya watoto wa mtaa ule walilelewa hivyo hivyo.

Jirani yetu wa karibu alikuwa Bi Mejumaa, mjane asiye na mtoto, mwanamke mrefu aliyetembea polepole na kuzungumza kidogo. Kiwanja chake hakikuwa na ua. Alikuwa na mistafeli mitatu, na mmoja wao, ule wa karibu na tangi letu la maji, ulizaa matunda makubwa ya kubebwa kwa mikono miwili. Vijana wa mahoteli ya Diani walikuja kuyachukua kwa makapu kwa ajili ya kutengeneza sharubati, na hayo ndiyo yaliyokuwa maisha yake. Lakini wezi walikuwa wengi. Kima walikula, mafundi waliojenga nyumba mpya kule nyuma walikula, na watoto wa mtaa, sitaki kuwataja mmoja mmoja kwa sababu sasa ni watu wenye heshima zao, walikula kuliko kima na mafundi wote.

Ndipo asubuhi moja tukaamka tukaiona chupa. Ilikuwa chupa ndogo ya dawa ya kikohozi, imejazwa maji meusi, mdomo umefungwa kitambaa chekundu, inaning'inia kwa ukambaa kwenye tawi la chini la ule mstafeli. Bibi alipoiona alisimama mbali nayo, akatushika mikono.

"Mwaiona ile?"

"Twaiona, Bibi."

"Lile ni kago. Mti ule sasa una mlinzi. Atakayekula tunda lake bila ya ruhusa, tumbo litamshika, na halitamwachia mpaka mwenye kosa aende kwa mwenye mti, aseme kwa kinywa chake, na mwenye mti alitegue kwa mkono wake."

Mishi alikuwa na miaka sita na hakuwahi kuacha jambo lipite bila swali. "Na akipelekwa hospitali?"

"Huko ndiko kubaya zaidi," Bibi akasema. "Mwenye kago tumboni hadungwi sindano. Akidungwa, hafiki kesho. Mjomba wangu kule Jego alidungwa, na tukamrudisha nyumbani amefunikwa shuka."

Sasa nikiwa mtu mzima nafikiri mjomba yule huenda alifikishwa hospitali akiwa ameshakata tamaa ya kupona, na sindano ikabeba lawama kwa kuwa ndiyo iliyokuja mwisho. Wakati ule sikufikiri hivyo. Nilimwona mjomba wa Bibi, ambaye hata jina lake sikulijua, akirudi kwao chini ya shuka nyeupe, na nikalala naye kichwani siku nyingi.

Hata hivyo nilikula. Nilikuwa na miaka kumi, na shuleni nilikuwa nimeanza kujiona mtu wa mjini, mtoto wa Mama zaidi ya kuwa mtoto wa Bibi. Ilikuwa Ijumaa, tumetoka shule mapema. Wanaume walikuwa msikitini, Bibi alikuwa chumbani kwenye msala wake, na Bi Mejumaa alikuwa amekwenda matangani Tiwi. Stafeli moja lilikuwa limeiva mpaka ngozi yake imelegea.

"Dada, kima watalila bure," Mishi akasema.

Nikauchukua upembo wa Bibi, ule wa kuangulia mabungo, nikalivuta. Lilianguka likapasuka. Tulilila nyuma ya tangi, tumechuchumaa, maji yake yakitutiririka mpaka viwikoni. Nataka lieleweke kwamba mimi nilikula sehemu kubwa kuliko yeye. Mishi alikula vipande vitatu au vinne, akasema yatosha. Mbegu tukazifukia kwa kidole, moja moja, na maganda tukawatupia kuku wa jirani wa pili. Halafu tukanawa. Ile chupa ilikuwa ikicheza kidogo kwenye tawi kwa sababu nilikuwa nimeutikisa mti, na nilingoja itulie kabla ya kuondoka.

Jumamosi sikuumwa. Jumapili shangazi walikuja, wakasifu hewa, wakaondoka. Nilikuwa nimeshaanza kumcheka Bibi moyoni. Jumatatu jioni Mishi alikataa wali wake, akasema kitovu chamuuma. Bibi akamkanda kwa mafuta ya nazi na kumpa maji ya tangawizi, lakini alitapika yote. Usiku mzima nilimsikia akilalama kwenye mkeka wa pembeni yangu, na mimi nilikuwa nimeyakodoa macho darini, najua ninalolijua.

Asubuhi ya Jumanne Baba alikwenda kazini, lakini Mama hakwenda. Alimkuta Mishi amejikunja, mkono uko upande wa kulia wa tumbo. Mama alipougusa upande ule, mtoto alipiga kelele mpaka kima wakakimbia kwenye paa. Mama hakungoja. Alivaa buibui lake, akatoa bahasha ya kadi, akampigia simu kijana wa tuktuk. Alikuwa kijana wa bara aliyeishi Ukunda na kufanya kazi barabara yetu, mpole, mwenye muziki wa juu. Alipofika aliuzima muziki bila kuambiwa.

Mama alimbeba Mishi mikononi. Alikuwa ameshaweka mguu mmoja ndani ya tuktuk nilipopata sauti yangu. Sikuogopa kupigwa, na hilo ningependa kulisema kwa haki ya yule mtoto niliyekuwa. Niliogopa sindano. Niliona wazi kabisa muuguzi akimdunga Mishi na Mishi akirudi amefunikwa shuka, na kwamba ni mimi peke yangu katika dunia nzima niliyeweza kulizuia jambo hilo.

"Mama, asidungwe sindano!"

"Una nini wewe, Riziki?"

"Amekula stafeli la Bi Mejumaa. Mimi ndiye niliyeliangua. Ijumaa. Asidungwe sindano, Mama, atakufa."

Bibi alikuwa mlangoni. Alishika kizingiti kwa mikono miwili. "Mshushe mtoto," akasema.

Mama hakushuka wala hakupanda. Alisimama vile vile, mguu mmoja ndani na mmoja chini, Mishi akilia kifuani pake. Yule kijana aligeuka kwenye kiti chake.

"Mama, sikiza," akasema. "Huyu mtoto ni mgonjwa kabisa. Hiyo stori ya mti mtamalizana nayo baadaye. Twende bana, saa hii feri haina watu."

"Ukimpeleka na kago ndani, umempeleka kuzikwa," Bibi akasema. "Kwanza lateguliwa. Halafu mpeleke utakako, hata Nairobi."

Nimeirudia dakika ile mara nyingi kuliko dakika nyingine yoyote ya maisha yangu. Mama hakuwa akiamini kago, nina hakika. Nilikuwa nimemsikia akimtania Baba kwa hirizi za kwao Jego, na Baba akicheka. Lakini hakuwa na hakika ya kutosha kuijaribu kwa mwili wa mtoto wake. Na mimi ndiye niliyempa shaka hiyo, mimi, mtoto wake wa shule, si Bibi peke yake. Akautoa mguu ndani ya tuktuk.

"Nenda tu, mwanangu," akamwambia yule kijana. "Tutakuita."

Kijana alikaa kidogo, injini ikinguruma. Halafu akaenda. Hakuuwasha tena muziki wake mpaka alipofika barabara kubwa, kwani niliusikia ukianza kule mbali.

Bi Mejumaa aliitwa. Alikuja amejifunga leso mbili, mikono ina unga, na nyuma yake wakafuatana majirani, wale mabibi wote wa mchana. Mama alipiga magoti mbele yake kwenye majani makavu. Sikuwahi kumwona Mama akimpigia mtu magoti.

"Bi Mejumaa, wanangu wamekukosea. Naomba radhi. Naomba umtegulie mtoto."

Bi Mejumaa alinitazama, akamtazama Mishi aliyelazwa kwenye mkeka, kisha akaitazama chupa yake muda mrefu. Akafungua kinywa, akakifunga. Nilidhani ana hasira.

"Nimemsamehe," akasema. "Nimewasamehe wote wawili. Sasa mpelekeni hospitali. Kago nitalitegua nanyi mkiwa njiani."

"Haliteguliwi hivyo," Bibi akasema. "Wajua haliteguliwi hivyo. Mtoto awepo. Ama wakataa?"

Wale mabibi wakanong'ona. Bi Mejumaa akainama, halafu akaufuata mti. Aliukata ukambaa kwa kisu cha jikoni, akayamwaga yale maji meusi kwenye shina, akaomba maji safi. Mimi nikaambiwa niseme kosa langu kwa sauti, nikalisema. Akamwosha Mishi tumbo kwa kiganja, polepole, akisema maneno ambayo hayakusikika. Kila mara aligeuka kuitazama barabara. Wote tulidhani anakitazama kile alichokuwa akikifungua kikitoka.

Na Mishi akapoa. Hili ndilo ambalo mtu asiyekuwapo hawezi kulielewa. Haikupita sala ya adhuhuri, yale maumivu yaliyomkunja tangu usiku yakakatika ghafla. Alinyoosha miguu. Akafungua macho, akasema ana kiu, akataka uji. Mama alilia mpaka kilemba chake kikalegea. Mabibi walipiga vigelegele chini chini, kama wanaoogopa kukiamsha kitu. Baba aliporudi jioni alisimuliwa kila kitu, na badala ya kunichapa alinishika kichwa kwa mikono miwili, akasema, "Umemwokoa mdogo wako." Bibi alichinja kuku. Firigisi, ambayo siku zote ilikuwa ya Baba, akaitia kwenye sahani yangu.

Niliila. Mpaka leo firigisi haipiti kooni mwangu.

Hospitali hakuna aliyeitaja tena. Ya nini, na mtoto amelala? Lakini Jumatano alfajiri Mama alimkuta anawaka kwa homa, na tumbo lake limekuwa gumu kama ubao. Baba alitafuta gari la jirani. Mimi nilibaki na Bibi, aliyekaa na tasbihi yake bila kunitazama. Madaktari walifanya walichoweza, na wala sina la kuwalaumu. Alhamisi, kabla ya jua kupanda, Mishi alifariki. Alirudi nyumbani amefunikwa shuka, kama nilivyokuwa nimeona, na tukamzika alasiri pembezoni mwa kiwanja chetu. Mizizi ilikuwa mingi, wachimbaji ikawabidi watumie shoka.

Baba ndiye aliyezungumza na daktari. Alipoulizwa, alisema ni tumbo tu, na kwamba siku za mtoto zilikuwa zimetimia. Hakuongeza neno. Bibi naye alikuwa na maelezo yake, na wote tukayashika maelezo hayo: kago lilikuwa limeteguliwa, sisi sote tulishuhudia, kwa hiyo kilichomchukua Mishi si kago bali ni amri ya Mungu, na amri ya Mungu haina mteguaji. Maelezo hayo yalitufaa. Juu yake tuliweza kula, kulala, kwenda shule. Bi Mejumaa aliukata mstafeli wake mkubwa mwezi ule ule, na watu wakamsifu kwa kuwa na moyo laini.

Nilikua. Niliolewa, nikajenga chumba na sebule katika kiwanja kile kile cha wazazi, kama wanavyofanya wengi wa mtaa wetu siku hizi, na kila asubuhi nami huvuka feri kwenda kazini. Miti imepungua. Kule nyuma kumeota maghorofa yenye kuta ndefu, na wenye maghorofa huyatangaza kwa wapangaji kwa hewa yake nzuri na vivuli vyake, ingawa vivuli vyenyewe wamevikata. Bibi alifariki, na Baba akamfuata. Mama yupo, macho yake mazima, masikio yake mazima, anafagia majani kila siku na kukataa kusaidiwa.

Mwaka jana binti yangu Zuhura, mwenye miaka saba, alishikwa na tumbo. Lilianzia kitovuni, kisha likashuka upande wa kulia, na alipokuwa akitembea alijikunja. Sikuvaa hata viatu. Nilimfikisha hospitali kabla ya saa sita za usiku, akapasuliwa, akapona. Asubuhi daktari, kijana mdogo mwenye subira, alinieleza kwamba ni kidole tumbo, na kwamba nimemwahi.

"Maumivu hayakukatika hata kidogo kule nyumbani?" akauliza.

"Hayakukatika."

"Afadhali," akasema. "Hapo ndipo watu wengi hudanganyika. Kile kidole kikipasuka, mtoto hupata nafuu ya ghafla. Ataomba maji, ataomba chakula, wazazi wanafurahi. Kumbe sumu imeshamwagika ndani. Kesho yake wanamleta na tayari tumechelewa."

Alikuwa akizungumza kwa upole tu, akiandika huku anazungumza. Nilitoka nje, nikakaa kwenye benchi la uani, nikalia kwa sauti mpaka mlinzi akaniletea maji. Alidhani nimefiwa, na sikumsahihisha.

Nilichokuwa nikikijua tangu utotoni kilikuwa kimegeuka. Siku zote nilijiambia kwamba niliiba lakini nikasema kweli, na kwamba kusema kweli kulimfungua Mishi. Sasa nilijua kwamba wizi wangu haukumdhuru hata chembe. Stafeli halikumfanya lolote. Kilichomdhuru ni ile kweli yangu, iliyomtoa Mama mguu ndani ya tuktuk.

Zuhura aliporudi nyumbani nilikwenda kwa Bi Mejumaa. Ni kikongwe sasa, anakaa kitandani, analishwa na mpwa wake. Nikamsalimia shikamoo, akaniitikia marahaba, akaulizia mtoto. Tulipobaki wawili, nilimwuliza kilikuwa nini ndani ya ile chupa.

Hakujifanya kusahau. "Maji ya kisima na masizi ya sufuria," akasema. "Na kitambaa nilikikata kwenye leso iliyochanika."

"Nani aliyekutengenezea?"

"Nani wa kunitengenezea, mwanangu? Mwenyewe. Sikuwa na kago. Nilikuwa na chupa."

Nilikuwa nimekwenda na hasira, na nilikuwa nimeipanga vizuri. "Mbona hukusema? Mama alikuwa amekupigia magoti."

"Niliwaambia mpelekeni hospitali."

"Hukusema kwamba ni uongo."

"Ningalisema, nani angaliniamini?" Sauti yake ilikuwa ndogo, na ilinibidi kuinama. "Uwanja umejaa watu. Bibi yako keshaniuliza kama nakataa. Ningaliwaambia hamna kitu, wangalisema Mejumaa ana roho mbaya, amemnyima mtoto, amwacha afe kwa stafeli moja. Na wangaliendelea kumzuilia pale pale, wakinibembeleza, mpaka usiku. Nikaona njia ya haraka ni kuliosha lile tumbo wapate kwenda. Nilijua wakiridhika wataondoka. Sikujua kwamba atapoa." Akafuta macho kwa ncha ya leso. "Alipopoa, nilifurahi kuliko nyinyi nyote. Nilirudi ndani nikasujudu. Niliamini hata mimi, mwanangu. Kwa siku moja, nami niliamini."

Ile hasira haikupata pa kukaa. Nilimtengenezea mto wake, nikamwombea, nikaondoka.

Nikarudi nyumbani na swali moja tu, nimwambie Mama au nisimwambie. Ndipo nilipoanza kumwelewa Baba. Daktari aliyezungumza naye hakumficha, hilo nalijua sasa. Alirudi akijua kwamba mkewe alikuwa na mguu ndani ya tuktuk, na kwamba feri siku ile haikuwa na watu. Akaishi naye miaka yote ile, wakala sahani moja, asiseme. Nilikuwa nikimwona Baba mtu mkimya kwa tabia yake. Kumbe ukimya ule ulikuwa kazi aliyoifanya kila siku.

Haikuchukua muda mrefu nikaulizwa. Ilikuwa alasiri, Zuhura amelala, Mama amekaa barazani akikunja nguo ndogo ndogo za mtoto. Alikuwa ameona kovu asubuhi nilipokuwa nikimwogesha. Lilikuwa upande wa kulia.

"Riziki," akasema. "Huyu tumbo lake lilianzia wapi?"

"Kitovuni, Mama."

Akakunja gauni moja, akalilaza juu ya jingine, akalinyoosha kwa kiganja. "Na maumivu yalikatika yenyewe? Kabla hajapasuliwa?"

Alikuwa hanitazami. Alikuwa akilitazama lile gauni, na mkono wake umesimama juu yake. Nikajua kwamba swali hilo si la leo, na kwamba Mama amekuwa nalo muda mrefu, pengine tangu Jumatano ile alfajiri, akilizunguka bila kulishika.

"La, Mama," nikasema. "Hayakukatika. Yalimshika mpaka mwisho."

"Basi si ugonjwa ule wa Mishi."

"Si ule," nikasema, nami najua ni ule ule.

Akashusha pumzi. Mkono ukaanza tena kukunja. "Alhamdulillahi," akasema. "Wajua, nashukuru sana kwamba ulisema siku ile. Ningalimpeleka kwa ukaidi wangu. Mwanangu aliondoka amesamehewa, na hilo ndilo linalonilaza usingizi."

Nilimwambia ni kweli. Nikachukua nguo zilizobaki, nikamsaidia kukunja, na tukakaa hivyo mpaka ilipoadhiniwa magharibi. Siku ile ya tuktuk nilisema kweli kwa sababu nilimpenda Mishi, na alasiri ile nilisema uongo kwa sababu nampenda Mama, na sijui kati ya hayo mawili nitaulizwa lipi kwanza.